Watoto Kumi na Mmoja

Ilikuwa Septemba 2022, wiki mbili tu baada ya Sensa. Nimesimama mbele ya mkutano wa wazazi kwenye shule moja ya msingi wilayani Muleba, karatasi ya manila inaning'inia kwenye misumari miwili, maka peni mkononi. Madirisha yamejaa vichwa vya watoto waliotakiwa wawe wameshafika nyumbani. Wazazi wamebanana kwenye madawati ya wanao, magoti juu, na wengine wamesimama mlangoni na miamvuli, maana mvua ya kwetu huanza inapotaka.

Kwenye manila nilikuwa nimechora nguzo mbili tu. Ile fupi ilikuwa wastani wa darasa hili walipofanya upimaji wa darasa la nne mwaka 2019: alama 118 kati ya 300. Ile ndefu ilikuwa wastani wao kwenye mtihani wa majaribio wa darasa la saba: alama 139. Katikati nikachora mshale unaopanda, nikauandikia kwa rangi nyekundu: +21.

Niseme ukweli, nilikuwa naupenda ule mshale. Mimi ni afisa elimu kata, na sehemu ya kazi yangu ni kuieleza kamati ya shule na wazazi hali ya taaluma. Kwa miaka mingi kueleza huko kulikuwa kusoma majina kwa nafasi, wa kwanza mpaka wa mwisho, huku watoto wanalia na wazazi wanajua jioni watamfanya nini nani. Nilichoka. Safari hii nilitaka niwaonyeshe ukuaji: kila mtoto ametoka wapi na amefika wapi, badala ya nani yuko juu ya nani. Nikatoa mfano wa mgomba, kwamba huwezi kumlaumu mtu aliyepanda mwaka jana kwa kuwa mkungu wake ni mdogo kuliko wa jirani mwenye kibanja cha babu yake. Wakacheka, wakapiga makofi. Mwenyekiti akaanza kusema tuhamie kwenye ajenda ya uji.

Bibi mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. Mtu mzima sana, kanga mbili, fimbo imelala mapajani. Aliongea Kihaya, nami naandika hapa kwa Kiswahili.

"Mwalimu waitu, juzi karani wa Sensa alipokuja kwangu aliniuliza usiku ule walilala akina nani. Akaandika wote, hata kichanga cha siku tatu. Sasa hawa uliowaandika ukutani ndio wote? Mwaka ule walikuwa wangapi, na sasa ni wangapi?"

Nikafungua daftari, ingawa jibu nilikuwa nalo kichwani. Mwaka 2019 walifanya upimaji watoto 52. Safari hii wamefanya 41.

"Haya," akasema kwa upole kabisa, "hao kumi na mmoja wako wapi?"

Ningependa kuandika kwamba kimya kilitanda. Hakikutanda. Watu walianza kuongea wote kwa pamoja, huyu akimtaja fulani, yule akimbishia. Aliyenyamaza ni mimi, kwa sababu swali lile nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelikimbia kwa miaka minane.

*

Sisi Wahaya tunataniwa nchi nzima kwa neno moja: nshomile. Kihaya chake ni "nimesoma", na kwenye utani wa vijiweni maana yake ni mtu wa Bukoba asiyemaliza sentensi bila kukutajia vyeti vyake. Utani huo haukuanguka kutoka mbinguni. Wamisionari walifungua shule huku mapema, na hadi leo ukitaja Ihungo, Kahororo au Rugambwa kwenye harusi, kuna mzee mahali fulani atanyoosha mgongo. Nililelewa ndani ya fahari hiyo. Nilipoanza kufundisha shule ya msingi pale Bukoba, nilikuta kila mzazi ana swali moja tu: mtoto wangu ni wa ngapi?

Halafu ikaja Matokeo Makubwa Sasa. Mnaoikumbuka, mnaikumbuka. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliitikisa nchi. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, Waziri Mkuu akaunda tume, na baadaye yale matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Mwaka huohuo mpango mpya ukazinduliwa, na elimu ilikuwa moja ya sekta zake. Hatua mojawapo ilikuwa kuzipanga shule zote kwa nafasi, kitaifa na kiwilaya, na kuzipa rangi kama taa za barabarani: kijani, njano, nyekundu. Kila mwenye simu aliweza kuona shule ya kijijini kwake imekaa wapi.

Shule yetu, ambayo sitaitaja, ilikuwa karibu na mkia wa wilaya. Mimi nilikuwa mwalimu wa taaluma. Mwanzoni mwa 2014 niliombwa niandike orodha ya "wanaotuvuta chini". Hakuna aliyenitisha na hakuna aliyenilazimisha. Niliandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri, nikapiga na mstari wa rula.

Jina la nne lilikuwa la binti mmoja. Alipoingia darasa la tano alikuwa hawezi kusoma sentensi nzima ya Kiswahili bila kubahatisha. Aliangalia picha, kisha akatunga maneno yanayofanana nayo. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, Mungu amlipe, akawa anabaki naye jioni. Hadi mwisho wa darasa la sita yule binti alikuwa anasoma ukurasa mzima, polepole, kidole chini ya mstari, na akifika mwisho anakueleza alichosoma. Ukiniuliza leo nani alikua kuliko wote katika darasa lile, nitamtaja yeye bila kufikiri. Lakini mtihani wa kwanza ulimpa D na wa mwisho ukampa D. Na D ni D, si ndiyo?

Mama yake akaitwa, akaambiwa ni kwa faida ya mtoto arudie darasa. Akasema, "Nyie ndio mnaojua, mwalimu." Binti akaja wiki mbili, akakaa na wadogo zake, kisha akaacha kuja. Mwaka ule shule yetu ilipanda. Mkutano wa wazazi ukapiga makofi, makofi yaleyale niliyokuja kupigiwa Muleba.

Kwa muda mrefu nilidhani dhambi ile ni ya kwetu peke yetu. Kumbe watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walikaa na takwimu za nchi nzima wakachunguza ile kazi ya kupanga shule kwa nafasi ilileta nini. Makala yao ilichapishwa mwaka 2021. Walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli. Walikuta pia kwamba katika shule hizohizo idadi ya watoto waliofika darasa la saba na kuketi kwenye mtihani ilipungua. Nilisoma aya ile mara tatu. Sikuhitaji kuisoma hata mara moja. Niliijua kwa majina.

*

Kwa nini basi sikuachana na hizi takwimu? Rafiki yangu mmoja, mtu wa vitabu kama ninyi mnaosoma hapa, aliniambia namba ni kifo cha hadithi. Sikubaliani naye. Namba mbaya hunyimwa watu wake, kweli, lakini hata hadithi mbaya hufanya hivyo. Tunazijua riwaya ambazo mtumishi wa ndani anapita na sinia la chai na jina lake hatulijui hadi mwisho. Na yule binti aliumizwa na namba ambayo haikuwepo. Laiti ningekuwa na karatasi inayoonyesha alikotoka na alikofika, ningekuwa na kitu cha kuweka mezani siku ile.

Tazama hesabu yenyewe. Kwenye mtihani wa alama 300, daraja D linaanzia 61 hadi 120, na B linaanzia 181 hadi 240. Mtoto aliyepata 62 mwaka jana akapata 119 mwaka huu amekaribia kuzidisha mara mbili, lakini kwenye ripoti ni D na D. Mwenzake aliyepata 239 akashuka hadi 182 ameporomoka alama 57, lakini kwenye ripoti ni B na B, na baba yake atamnunulia soda. Yule wa kwanza akiongeza alama mbili tu, 121, tunasema amefaulu na shule inasherehekea. Kazi kubwa ilikuwa kumtoa 62 hadi 119. Tunasherehekea hatua mbili za mwisho, na zile 57 hakuna aliyeziona.

Ndiyo maana nilianza kuchora mishale. Mshale wa mtoto mmoja mmoja ni kitu cha haki. Tatizo linaanza pale tunapoichanganya mishale yote kuwa mmoja na kuuita wa shule.

Siku ile baada ya mkutano nilibaki darasani na daftari. Nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla. Nikawatafuta wale 41 waliobaki, nikatazama walipata ngapi mwaka 2019, wao peke yao. Wastani wao ulikuwa 127. Kwa hiyo watoto walewale walipanda kutoka 127 hadi 139, yaani alama 12. Zile tisa nyingine kwenye mshale wangu hazikuwa za mwalimu wala za mwanafunzi. Zilipatikana kwa sababu wale kumi na mmoja, ambao wastani wao wa darasa la nne ulikuwa kama alama 84, hawakuwepo tena. Kutokuwepo kwao kulihesabiwa kama maendeleo.

Nilikuwa nimewapigisha wazazi makofi kwa ajili ya watoto waliopotea.

*

Nyumbani kwangu hasa ni Bukoba, na kule mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari. Bodi na kamati ni vitu viwili tofauti. Kamati ya shule ya msingi ina mkulima, mama lishe, mwenyekiti wa kitongoji. Kwenye bodi yetu kuna mchungaji, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mhasibu mstaafu, na watu wawili walioanza kila hoja kwa "enzi zetu". Nilidhani huku nitaeleweka haraka zaidi.

Tulikutana Februari 2023. Wiki chache nyuma, Baraza la Mitihani lilikuwa limetangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora, jambo tulilolizoea kama kelele za mwaka mpya. Bodi ilikasirika. "Sasa tutajuaje kama tuko juu?" akauliza mfanyabiashara. "Mimi nikinunua saruji naangalia mfuko umeandikwa nini."

Nikaona nimepata mwanya. Nikasema, mzee, shule inayochukua watoto wenye A na kuwarudisha na A, yenyewe imefanya nini? Na sisi tunaopokea watoto wa D na C tukawatoa na C na B, tumefanya nini? Nikawapa mfano wa William Sanders, mtaalamu wa takwimu wa chuo kikuu cha Tennessee, Marekani, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kwenye mambo ya kilimo na mifugo. Alisema mbinu za kupima mchango wa kitu kimoja katika ukuaji wa mnyama zinaweza kupima mchango wa mwalimu katika ukuaji wa mtoto, na mwaka 1992 jimbo lile likaziingiza kwenye sheria. Nikatoa karatasi. Alama za wanafunzi wetu za darasa la saba walipoingia, alama zao za upimaji wa kidato cha pili, na mshale. Safari hii nilikuwa makini: watoto walewale, na waliotoka nimewaorodhesha pembeni. Bibi wa Muleba angenisifu.

Mhasibu mstaafu aliivuta karatasi karibu na miwani. Kabla ya uhasibu, mzee huyu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa. Akaniuliza, "Mwalimu, hii mitihani miwili ni sawa?"

Nikasema si sawa kabisa, ila zote ni alama.

"Zote ni kilo," akasema. "Mkulima analeta kilo mia za maganda. Zikikobolewa, kahawa safi haifiki kilo mia hata kwa miujiza. Je, kahawa imepungua? Hapana. Umepima vitu viwili kwenye mzani mmoja. Kijana asiyejua kazi anaweza kumwambia mkulima ameibiwa, au akamwambia amepata faida, na yote mawili akawa amedanganya."

Mchungaji akaguna. Mimi nikatazama ile karatasi, nikakumbuka na manila yangu ya Muleba: upimaji wa darasa la nne na mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Maganda na kahawa safi. Hata zile alama 12 nilizozitoa kwa jasho zilikuwa hazina miguu.

Tulikaa naye kwenye benchi baada ya kikao, tukafanya namna nyingine. Badala ya kulinganisha alama na alama, tukauliza: walipoingia, wanafunzi wetu walikuwa wapi ukilinganisha na wastani wa wilaya mwaka ule? Na kidato cha pili wako wapi ukilinganisha na wastani wa wilaya mwaka huo? Kila mzani unapimwa na kahawa yake. Jibu halikuwa la kupigiwa makofi. Tuliwapokea wakiwa chini ya wastani, na bado wako chini ya wastani, ila pengo limepungua kidogo. Akaniambia nisisahau ukubwa wa darasa pia. Akachukua mfano wa darasa la watu 20: mtoto mmoja wa alama 160 akiugua siku ya mtihani akapata sifuri, wastani wa darasa zima unashuka kwa alama nane. "Malaria moja," akasema, "na bodi inataka kumfukuza mwalimu."

Lile la Sanders nalo lina mwisho wake. Mbinu iliyotokana na kazi yake ilikuja kutumika Houston, Texas, kuamua ajira za walimu. Walimu wakaenda mahakamani. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho aliona kwamba wana hoja, kwa kuwa hesabu ile ilikuwa siri ya kampuni na mwalimu hakuwa na njia ya kuihakiki alama aliyopewa. Nilipoisoma habari ile niliwaza wale wawili wangu, bibi na karani. Hakuna kati yao aliyehitaji nimrahisishie takwimu. Walichohitaji ni niwape namba zenye mlango, ambazo mtu anaweza kuingia ndani yake na kuangalia kama nyumba ipo.

*

Kuna watu watasema haya yote ni maneno, mzazi ukimwambia asiambie, kesho ni ileile. Wana ushahidi. Tangu 2010 Uwezo wamepita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda wakipima kama mtoto anaweza kusoma hadithi fupi na kufanya hesabu za darasa la pili, na kumwambia mzazi papo hapo. Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walikwenda Kenya kuangalia kama wazazi waliopewa taarifa hizo walibadilika. Mwaka 2014 wakachapisha jibu: hawakuona tofauti ya maana. Mzazi aliambiwa mwanao hajui kusoma, akasikitika, akarudi shambani. Angefanya nini kingine? Hakuambiwa.

Lakini upande wa pili wa mpaka wetu, Uganda, kulikuwa na jaribio jingine. Kamati za shule zilipewa kadi za kuipima shule yao. Kundi moja lilipewa kadi iliyokwisha kuandikwa na wataalamu. Kundi la pili lilifundishwa, kisha likaachwa liamue lenyewe nini cha kupima. Kundi la kwanza halikuleta badiliko la kuonekana. Kwenye kundi la pili watoto walifanya vizuri zaidi kwenye mitihani, na utoro wa walimu na wanafunzi ukapungua.

Mimi nilikuwa nimekwenda Muleba na kadi iliyokwisha kuandikwa. Bibi ndiye aliyeandika ya kwake, kwa swali moja.

*

Turudi kwa wale kumi na mmoja, maana najua mnawasubiri.

Mkutano ule haukufika kwenye ajenda ya uji. Mwenyekiti alifuta ubao, akaandika namba moja hadi kumi na moja, na watu wakaanza kujaza. Tulikubaliana jambo moja kwanza: majina bila alama. Tumeshawaaibisha watoto vya kutosha kwa alama.

Wanne walikuwa wamehama na wazazi wao, wawili kati yao kwenda visiwani, Bumbire na Ikuza, ambako baba anafuata samaki. Hao wako shule, ndugu zao walithibitisha. Wawili walikuwa humuhumu shuleni, wamerudishwa darasa la chini. Mmoja alikuwa dirishani anatusikiliza, na jina lake lilipoandikwa akainama. Wavulana wawili hawakurudi baada ya shule kufungwa kwa korona mwaka 2020, kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Walikwenda ziwani kwa muda, na muda ukawa huohuo. Binti mmoja alikuwa anafanya kazi za ndani mjini. Binti mwingine, mama mmoja alisema haraka kwamba yuko kwa shangazi yake, na wanawake wote chumbani wakaangalia chini, nikaelewa na sikuuliza. Kwenye ubao tukaandika tu: kwa shangazi.

Wa kumi na moja alikuwa amefariki. Mama yake alikuwa amekaa mstari wa tatu. Alilitaja jina mwenyewe, jina kamili, akasubiri hadi mwenyekiti amalize kuliandika. Mwanamke yule alikuwa amepiga makofi kwa ajili ya mshale wangu kama wenzake.

Sikuwa na la kusema. Nilivua ile manila ukutani, nikaikunja.

Kilichofuata kilikuwa kidogo, na sitakikuza. Mtendaji wa kijiji na yule mama aliyekuwa na ndugu mjini walimfuata binti wa kazi za ndani, na Januari alikuwa darasani. Wavulana wawili hawajarudi. Mmoja ana mtumbwi wa kukodi sasa na ukimwambia habari za shule anakucheka kwa heshima. Kwa yule wa shangazi, nilikwenda mwenyewe, jioni, bila daftari, nikamweleza mama yake kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi shule. Hakuna aliyewahi kumwambia. Alinipa ndizi mbivu nile njiani.

Wastani wa shule ile ulishuka. Niliutarajia ushuke. Ukimrudisha mtoto aliyekaa nje miaka miwili, mshale wako utainama kidogo, na kama mkuu wa shule anahukumiwa kwa mshale peke yake, atamtazama yule mtoto kama deni. Hili ndilo ninaloliomba kwa bodi na kamati zote ninazokutana nazo: kabla hamjauliza wamepanda alama ngapi, ulizeni walioanza wako wapi. Jibu la pili lisipokuwepo, la kwanza msilipigie makofi.

Siku hizi kwenye manila yangu naandika mstari wa juu kabla ya nguzo yoyote: walioanza, waliopo, na tunaojua waliko. Unachukua nafasi kubwa. Nguzo zimekuwa fupi.

Mwaka jana nilikuwa Kemondo, nikanunua dagaa. Muuzaji alinisalimia, "Shikamoo mwalimu," nikaitika kabla sijamtazama. Ni yeye, yule wa jina la nne. Mtu mzima sasa, mtoto mgongoni. Hakusema lolote kuhusu shule, na mimi nilimuuliza habari za nyumbani tu, kama mwoga. Wakati anatafuta chenji aliniwekea daftari lake mkononi nimshikie. Lilikuwa la madeni. Majina ya watu, ndoo za dagaa, tarehe, kilicholipwa, kilichobaki, jumla ya kila ukurasa imepigiwa mstari mara mbili. Nikapitisha jicho kwenye zile jumla, mazoea ya kazi. Zilikuwa sawasawa.

Nikamrudishia daftari lake.